Bomba ndiyo kazi rahisi: kwa nini gesi ya visima vya mafuta baharini huchelewa kufika nchi kavu

Mafuta ya Jubilee, eneo kubwa la kwanza la mafuta katika bahari ya Ghana, yalianza kutoka Desemba 2010. Gesi iliyokuwa ikipanda pamoja nayo ilifika kwenye mtambo wa Atuabo, pwani ya magharibi ya nchi hiyo, Novemba 2014. Kutoka kwenye meli inayozalisha mafuta hayo hadi Atuabo ni kilomita 60 hivi. Gawanya umbali huo kwa siku zilizopita hapo katikati, unapata kama mita 40 kwa siku. Kinyonga angetangulia.

Na Ghana wala hawakuzembea kupita wengine. Guyana ilianza kutoa mafuta baharini Desemba 2019; bomba la gesi likalazwa mwaka 2024, na likamaliza kulazwa wakati mtambo wa umeme uliokusudiwa kuichoma gesi hiyo bado unajengwa. Brazil, ambayo wahandisi wake wa bahari kuu wanaheshimika duniani kote, imefungua bomba lake la tatu kutoka kwenye visima vya chini ya tabaka la chumvi mwaka huohuo wa 2024.

Kila mahali raia huuliza swali lilelile: mafuta yanauzwa, gesi iko wapi? Jibu linalowahi mdomoni ni ufisadi. Mara nyingine ni kweli. Ila hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu na kila karatasi imesainiwa kwa wakati, gesi hii huchelewa, kwa sababu ni gesi ya namna ya peke yake. Haiji kwa kuitwa.

Mgeni aliyeletwa na mwenziwe

Kuna visima vya gesi na kuna gesi ya visima vya mafuta, na ukivichanganya hivyo viwili hutaelewa chochote katika mjadala huu. Kisima cha gesi ni kama bomba la maji: mnunuzi akihitaji unafungua, asipohitaji unafunga, na gesi inakusubiri chini ya mwamba ilipokaa mamilioni ya miaka. Gesi ya kisima cha mafuta imeyeyuka ndani ya mafuta yenyewe. Huko chini, kilomita mbili tatu chini ya sakafu ya bahari, mgandamizo ni mkubwa kiasi kwamba mafuta yameimeza. Yakipanda, mgandamizo unapungua, gesi inajitoa kwa mapovu. Pipa moja la mafuta laweza kufika juu na futi za ujazo mia kadhaa za gesi, au zaidi ya elfu moja, kutegemea mwamba.

Kwa hiyo anayeamua gesi itoke lini na kwa kiasi gani ni mafuta, kwa kuwa mafuta ndiyo yanayolipa mishahara, mikopo na kodi. Mafuta yakitoka kwa wingi, gesi inajaa. Mitambo ya mafuta ikizimwa kwa matengenezo, gesi inakatika, hata kama mji mzima unapika chakula cha jioni. Mwaka 2016 meli ya Kwame Nkrumah, ile inayozalisha mafuta ya Jubilee, iligundulika kuwa na hitilafu kwenye beringi kubwa ya mhimili unaoiwezesha kuzunguka kufuata upepo na mawimbi ikiwa imefungwa nanga. Beringi tu. Lakini uzalishaji ulipositishwa, gesi ya Atuabo nayo ikakauka, na mitambo ya umeme iliyokuwa ikiitegemea ikarudi kutafuta mafuta ya kuchoma, ambayo ni ghali zaidi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya msimamizi wa meli hiyo. Gesi imeshapanda, iko mikononi mwako, na kila sekunde inaongezeka. Sehemu yake utaichoma kwenye turbini za melini ili upate umeme wa kuendeshea pampu. Hilo halina mjadala. Inayobaki una njia tatu: uichome hewani, uirudishe chini ya ardhi, au uipeleke nchi kavu.

Kuichoma hewani ndiko kunakoonekana, ule mwenge unaowaka juu ya mnara usiku na mchana. Benki ya Dunia, ambayo huufuatilia mwanga huo kwa setilaiti, ilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia iliteketeza hivyo mita za ujazo bilioni 148. Lakini si kila mwenge ni ubadhirifu. Mwali mdogo lazima uwepo, kwa sababu kompresa, yaani mashine ya kushindilia gesi, ikizimika ghafla gesi inahitaji pa kutokea, na ni heri itoke ikiwaka kuliko itande juu ya sitaha ikisubiri cheche. Kinacholaumiwa ni uchomaji wa kila siku, wa mtu aliyeshindwa kupanga matumizi mengine. Kati ya hizo mbili kuna eneo la kijivu: huko Guyana kompresa ya meli ya kwanza, Liza Destiny, ilisumbua tangu uzalishaji ulipoanza, na kwa miezi mingi gesi iliyopaswa kurudishwa chini ikawa inachomwa. Serikali hatimaye ikaweka ada kwa kila tani ya hewa ya ukaa inayotokana na uchomaji unaopita muda ulioruhusiwa.

Njia ya kuirudisha chini ndiyo isiyozungumzwa sana, na kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa suala zima. Gesi ikishindiliwa tena kwenye mwamba inashikilia mgandamizo, na mgandamizo ndio unaosukuma mafuta juu. Ukiitoa gesi yote mapema unaweza kuacha chini mafuta ambayo hayatapanda tena. Ndiyo maana Brazil hurudisha chini zaidi ya nusu ya gesi yake yote; sehemu kubwa inatoka chini ya ule mwamba wa chumvi, ina hewa ya ukaa nyingi, na visima vyake viko mamia ya kilomita kutoka pwani. Wanasiasa wa huko wamegombana kuhusu hilo kwa miaka. Wenye viwanda wanataka gesi nchi kavu, wazalishaji wanasema gesi hiyohiyo inawapa mafuta zaidi. Wote wawili wanasema kweli.

Ila kurudisha chini nako kuna mwisho. Visima vya kushindilia gesi ni vichache, kompresa zina kikomo chake, na ukiendelea bila kipimo gesi inapenya njia na kuibukia kwenye visima vya mafuta. Katika ile miaka minne Ghana ilikuwa ikirudisha gesi chini huku ikisubiri Atuabo ikamilike, hadi ikafika mahali gesi isiyo na pa kwenda ikaanza kubana uzalishaji wa mafuta yenyewe. Hapo ndipo wenye mafuta nao hupata haraka ya kuona bomba linafunguliwa.

Kinachopanda si gesi ya jikoni

Tuseme uamuzi umepita: gesi inakuja nchi kavu. Kinachotoka kwenye kitenganishi cha melini ni mchanganyiko wa methani, ethani, propani, butani, mvuke wa mafuta mazito zaidi, mvuke wa maji, hewa ya ukaa, na pengine salfidi ya haidrojeni, sumu inayonuka kama yai viza. Ukiutia mchanganyiko huo bombani kama ulivyo, umejitafutia balaa.

Balaa la kwanza ni maji. Kwenye sakafu ya bahari kuu joto ni kama nyuzi 4 tu. Katika baridi hiyo na mgandamizo ule, maji na methani hushikana na kuwa kitu kinachofanana na theluji iliyoshindiliwa, kinachoitwa haidreti. Kiko imara hata juu ya kiwango ambacho maji ya kawaida huganda, na ukikitoa nje ukakiwashia kibiriti kinawaka. Mei 2010, kisima cha Macondo kilipokuwa kikimwaga mafuta katika Ghuba ya Mexico, wahandisi waliteremsha sanduku la chuma la tani karibu 100 hadi kina cha mita 1,500 ili kulifunika tundu na kuyavuta mafuta juu. Ndani ya muda mfupi haidreti zikajaa kwenye dari la sanduku, zikaziba njia, zikaanza hata kulielesha. Mpango ukaachwa. Sasa fikiria kizibo kama hicho katikati ya bomba la kilomita 200.

Kwa hiyo gesi hukaushwa kwanza hukohuko baharini. Inapitishwa kwenye mnara, yenyewe ikipanda na glaikoli, kimiminika kizito, ikichuruzika kushuka. Glaikoli inapenda maji kuliko gesi inavyoyapenda, inayanyonya njiani, halafu inachemshwa ili maji yaondoke na yenyewe irudi kazini. Ukaushaji huo unatibu na balaa la pili: hewa ya ukaa ikikutana na maji huwa asidi, na asidi hula chuma polepole kutoka ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Baada ya hapo ni kompresa, kisha bomba. Kulaza bomba ni kazi ya kupendeza kuitazama. Meli ya kulaza hubeba vipande vya chuma vya mita 12 hivi, vinaungwa kimoja baada ya kingine juu ya sitaha, kila weldi inapimwa kwa vifaa vinavyoona ndani ya chuma, halafu meli inasogea urefu wa kipande kimoja na bomba linashuka majini likijipinda taratibu kama uzi unaolegezwa. Kwenye kina kirefu linalala lenyewe juu ya tope. Ajabu ni kwamba hatari huongezeka kadiri unavyokaribia nyumbani. Karibu na pwani ndiko kuna mawimbi yanayohamisha mchanga, nyavu za kukokota, na nanga. Huko bomba huvikwa zege na kufukiwa. Agosti 2012 bomba la Afrika Magharibi, linalotoka Nigeria kupitia bahari ya Benin na Togo hadi Ghana, lilikatwa karibu na Togo na nanga ya meli iliyoburutwa. Gesi ilirudi mwaka uliofuata. Wenye nyumba Ghana wanaukumbuka mgao wa umeme wa kipindi hicho. Sababu mojawapo ilikuwa nanga.

Kuna jambo moja kuhusu bomba ambalo sekta hii ililijifunza kwa damu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini lililipuka, chanzo kikiwa kuvuja kwa majimaji ya gesi kutoka kwenye pampu. Mlipuko wa kwanza haukuwa ndio uliowaua wengi. Kiasi cha dakika 20 baadaye, moto ulipasua bomba la gesi lililounganisha jukwaa hilo na jukwaa jirani la Tartan, na gesi yote iliyokuwa imejaa katika kilomita za bomba ikaanza kumiminika motoni. Walikufa watu 167. Tangu hapo valvu za dharura za kulitenga jukwaa na bomba lake ziliwekewa masharti makali mno, na kwenye miradi mingi valvu za ziada huwekwa chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari, mbali na moto.

Ufukweni gesi inapokewa na safu ya mabomba mapana yaliyolazwa kwa mwinamo, kazi yake kunasa majimaji yanayokuja kwa mafungu. Kisha inapozwa, na hapa ndipo inapogawana majina. Butani na propani zinajitenga: hizo ndizo gesi ya mitungi. Yanayobaki mazito huuzwa kama mafuta mepesi. Methani, iliyo nyingi kuliko zote, ndiyo gesi asilia yenyewe.

Tofauti hii huwachanganya watu wengi, na si kosa lao, maana zote huitwa gesi na zote huwaka buluu. Propani na butani hukubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo mdogo tu katika joto la kawaida, ndiyo maana mtungi wa chuma chepesi unatosha. Methani haikubali. Ishindilie utakavyo, bila kuipoza chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri haigeuki kimiminika. Na ili ikae kimiminika bila mgandamizo, hadi 162 chini ya sifuri. Huwezi kuitia kwenye mtungi wako wa jikoni. Inafika kwa bomba, au kwa mitungi mizito iliyoshindiliwa kwa zaidi ya mara 200 ya mgandamizo wa hewa, kama ile ya kwenye magari. Kwa sababu hiyo mwananchi anaweza kukutana na gesi ya bahari yake kwanza ndani ya mtungi, miaka mingi kabla bomba halijafika mtaani kwake. Atuabo, kwa mfano, hutoa pia gesi ya mitungi.

Tena methani haina harufu. Harufu unayoisikia jiko likivuja imetiwa makusudi. Mwaka 1937 shule moja huko New London, Texas, ilijaa gesi iliyovuja bila yeyote kuhisi. Cheche moja ikaua watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Ndipo kuitia gesi harufu kukawa sheria.

Nani anapika saa nane usiku?

Yote hayo ni uhandisi, na uhandisi wake unajulikana. Ugumu wenyewe uko upande wa mnunuzi.

Nani anapika saa nane za usiku? Mafuta yanatoka saa nane, gesi nayo inatoka. Bomba lenyewe linaweza kuhifadhi kidogo kwa kujazwa zaidi, lakini ni akiba ya saa kadhaa. Ukitegemea majiko, utakuwa na vilele viwili au vitatu kwa siku na bonde refu katikati, na gesi ya bondeni itarudi kwenye mwenge. Unahitaji mtu mmoja mwenye njaa isiyokatika, anayekula usiku na mchana, mwenye uwezo wa kusaini mkataba wa miaka 20. Mara nyingi huyo ni mtambo wa umeme. Baada yake kiwanda cha mbolea au cha saruji.

Tupige hesabu ya Guyana. Mradi wao uliundwa kwa futi za ujazo milioni 50 kwa siku, yaani mita za ujazo milioni 1.4, zinazosafiri kwa bomba la inchi 12 hadi Wales, mahali palipokuwa na shamba la miwa la serikali. Mita moja ya ujazo ina nishati ya kama kilowati-saa 10, na mtambo mzuri unageuza karibu nusu yake kuwa umeme. Zidisha, gawanya kwa saa 24: unapata megawati karibu 300, ambao ndio ukubwa wa mtambo waliouagiza. Sasa geuza hesabu. Kaya ikitumia mita moja ya ujazo kwa siku, na kwa kupikia tu kaya nyingi hazifiki hapo, zingehitajika kaya milioni 1.4 kuimaliza gesi hiyo. Guyana nzima haifiki watu milioni moja.

Ndiyo sababu mtu akisema gesi inaletwa kwa “matumizi ya ndani”, inafaa kumuuliza: ndani ya nchi, au ndani ya nyumba? Karibu kila mara ni ndani ya nchi. Gesi itakufikia kama umeme, au kama mfuko wa mbolea, kabla haijakufikia kama mwali. Mitaa huunganishwa taratibu, nyumba kwa nyumba. Uingereza ilipoibadili nchi nzima kutoka gesi ya makaa ya mawe kwenda gesi ya Bahari ya Kaskazini, ilichukua miaka kumi, 1967 hadi 1977, na hiyo ni nchi iliyokuwa tayari na mabomba barabarani. Kazi yao kubwa ilikuwa kuingia jikoni kwa wateja kama milioni 13 na kubadili vichomeo.

Mkataba nao una mtego wake. Anayechimba na kulaza bomba amekopa, na mkopeshaji anataka kuona malipo yasiyoyumba. Hivyo mnunuzi, ambaye kwa kawaida ni shirika la serikali, husaini kulipia kiasi fulani atumie asitumie. Ghana iliufahamu utamu na uchungu wa jambo hili kwa pamoja. Kwa Jubilee, makampuni yalikubali kuipa nchi futi za ujazo bilioni 200 za kwanza bure. Gesi ya bure, na bado ilisubiri miaka minne, kwa sababu bomba na mtambo havikuwa vya bure. Kwa Sankofa, eneo jirani ambako gesi nyingi inatoka kwenye visima vya gesi yenyewe, walisaini kulipia takriban asilimia 90 ya kiasi cha mkataba. Gesi ilifika 2018. Miundombinu ya kuihamisha kutoka magharibi, inakotua, hadi mitambo ya Tema upande wa mashariki haikuwa tayari, na nchi ikajikuta inadaiwa gesi ambayo haikuichoma. Ongeza kwamba mikataba ya namna hii huandikwa kwa dola, wakati umeme unauzwa kwa sarafu ya nyumbani.

Sheria peke yake haimalizi mambo. Nigeria ilipitisha sheria dhidi ya kuchoma gesi hewani mwaka 1979 na kuweka ukomo wa Januari 1984. Mianya ya vibali na faini ndogo viliifanya iwe nafuu kuchoma na kulipa kuliko kujenga, na mienge ikaendelea kuwaka kwa miongo. Norway ilishika upande wa pili: bila kibali, gesi huchomwa kwa sababu za usalama tu. Eneo la Statfjord lilianza kutoa mafuta 1979, likairudisha gesi chini ya mwamba hadi mwaka 1985, bomba lilipokamilika kuvuka mfereji wa bahari wenye kina cha mita 300 kwenda mtambo wa Kårstø, kwenye pwani ya Norway.

Upande wa Uingereza, eneo la Brent lilikuwa na bomba lake tangu 1982, kilomita 450 hadi St Fergus huko Scotland. Katika miaka ya 1990 mitambo ya Brent ilibadilishwa ili kushusha mgandamizo wa mwamba na kuivuna gesi iliyobaki. Statfjord nayo ikafuata mtindo huo, na tangu mwaka 2007 gesi yake, pamoja na ile iliyokuwa imeshindiliwa chini miaka ya nyuma, imekuwa ikiunganishwa kwenye lile bomba la Brent. Brent yenyewe iliacha kuzalisha mwaka 2021. Bomba lake lingali kazini, likipeleka gesi ya Wanorway kwenye majiko ya Waingereza.